Mizani ya Bwenini na Kalenda ya Hedhi

Kila shule inapofunguliwa, baada ya masanduku kukaguliwa na fomu za afya kukusanywa, hubaki mzazi mmoja au wawili wanaosubiri wenzao waondoke ili waniulize jambo ambalo hawawezi kulitaja mbele ya watu. Swali lenyewe huja kwa sura mbili. Mama mmoja atasema binti yake amenenepa sana tangu amalize kidato cha nne, na sasa miezi miwili hupita bila kuona siku zake, kwa hiyo bila shaka mafuta yameziba kizazi. Mwingine atasema wa kwake amekonda na siku zimekatika, na kwa maoni yake mtoto hana damu ya kutosha hata itoke. Mimi ni muuguzi niliyeishia kuwa matroni wa bweni la wasichana, na maelezo haya mawili nimeyasikia kwa wazazi wenye elimu na wasio nayo, kwa walimu wenzangu na kwa wasichana wenyewe.

Mafuta hayazibi kizazi, na hedhi haikatiki kwa sababu damu imeisha mwilini. Hata hivyo wazazi hawa wana hoja: uzito na hedhi vinahusiana, tena kwa karibu sana. Tatizo ni kwamba wote wawili hutaka nimpandishe binti kwenye mizani, nisome kilo, kisha nitoe hukumu, na mimi kila ninapozidi kukaa na wasichana hawa ndivyo imani yangu kwa mizani inavyozidi kupungua. Mwili wa msichana hausomi kilo. Husoma chakula kinachoingia, kazi inayofanywa, akiba iliyopo na kasi ya mabadiliko, na ndiyo maana wasichana wawili wenye uzito uleule na kimo kilekile wanaweza kulala kitanda cha juu na cha chini, mmoja akipata hedhi kwa mpangilio na mwingine akiwa hajaiona kwa muhula mzima.

Lakini kwanza ni vyema kujua hedhi ya kawaida katika umri huu ikoje, maana wengi wanaoletwa kwangu kama wagonjwa ni wazima kabisa. Kwa mwanamke mtu mzima, mzunguko, ukihesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kutokwa damu hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata, huchukua kati ya siku 24 na 38. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, madaktari hukubali siku 21 hadi 45, kwa kuwa ubongo na ovari bado vinazoeana na mizunguko mingi ya miaka miwili ya mwanzo hupita bila yai lolote kupevuka na kutoka. Kufikia mwaka wa tatu, asilimia 60 hadi 80 ya mizunguko huwa imetulia kwenye siku 21 hadi 34. Kwa hiyo binti wa kidato cha pili aliyeanza hedhi tarehe 3 Machi na asiione tena hadi tarehe 14 Aprili hana ugonjwa, awe mnene au mwembamba. Anayestahili kuchunguzwa, hata kama haumwi popote, ni yule aliyekaa siku 90 bila kuona kitu, yule aliyetimiza miaka 15 bila kuvunja ungo, na yule ambaye miaka mitatu imepita tangu matiti yaanze kuota na bado hajaona hedhi ya kwanza. Kadhalika damu inayozidi siku saba, au inayolowesha pedi kila baada ya saa moja au mbili, si jambo la kuvumilia kwa sababu tu mama na bibi walivumilia.

Saa inayoongoza haya yote imo kwenye ubongo. Sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni kwa mapigo, takriban pigo moja kila dakika 60 hadi 90 katika nusu ya kwanza ya mzunguko. Mapigo hayo huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo hutuma homoni zake kwenye ovari, na ovari hukuza yai na kutengeneza homoni ya estrojeni, kisha ile ya projesteroni yai likishatoka. Mapigo yakipungua kasi, kila kilicho mbele yake hulegea: yai halipevuki, projesteroni haitengenezwi, na hedhi huchelewa au hukoma. Swali la uzito, kwa hiyo, ni swali la namna ubongo unavyopata habari kuhusu akiba ya mwili.

Jibu la kwanza lililopata umaarufu lilikuwa la kilo. Mwaka 1970 Rose Frisch wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na Roger Revelle, walipendekeza kwamba wasichana huvunja ungo wanapofikia uzito fulani, karibu na kilo 48, hata kama umri wao unatofautiana. Mwaka 1974 Frisch na Janet McArthur waliliboresha wazo hilo kwa kutazama mafuta: takriban asilimia 17 ya uzito iwe mafuta ili hedhi ianze, na takriban asilimia 22 ili iendelee kwa mpangilio. Wazo lilikuwa zuri, na lilisaidia kueleza kwa nini umri wa kuvunja ungo huko Ulaya ulishuka kutoka miaka 16 au 17 katikati ya karne ya 19 hadi karibu na miaka 13 katikati ya karne ya 20, kadiri lishe ilivyoboreka na maradhi yalivyopungua. Lakini mstari huo haukusimama. Walipatikana wanawake wenye mafuta machache kuliko kiwango hicho walioendelea kupata hedhi, na wengine wenye mafuta mengi kuliko kiwango hicho waliokosa.

Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe na kupeleka ubongoni habari za akiba. Jambo linalonivutia kuliko yote katika habari hii ni watoto wachache duniani wanaozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza. Hunenepa kupita kiasi, kwa kuwa ubongo wao huamini wako njaani wakati wote, na wasichana miongoni mwao, pamoja na unene wote huo, kwa kawaida hawabalehe mpaka wapewe leptini kwa sindano. Mtu akiniambia kwamba kilo ndizo zinazoamua hedhi, mimi huwafikiria wasichana hao, ambao wana mafuta tele lakini ubongo haujapata taarifa. Tena leptini hushuka haraka mtu anapopunguza chakula, ndani ya siku chache, muda mrefu kabla mafuta yenyewe hayajapungua kwa kiasi cha kuonekana kwenye mizani.

Hapo ndipo hadithi ya binti mmoja mkimbiaji inapoingia. Alikuwa kidato cha tano, akijiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, katika mbio za mita 1500, mwenye kilo 50 na kimo cha sentimita 160, uzito ambao hakuna daktari angeulaumu. Alikuja kwangu kwa maumivu ya mguu, si kwa hedhi. Nilipomuuliza siku zake alicheka kidogo.

“Matroni, mimi nimepumzika na pedi tangu mwezi wa pili.”

“Na hukuona haja ya kuniambia?”

“Nilidhani ni mazoezi tu. Kocha alisema mwili ukizoea kukimbia, hizo hukata zenyewe.”

Kocha alikuwa amesema nusu ya kweli. Mazoezi yenyewe hayakatishi hedhi iwapo chakula kinalingana nayo. Anne Loucks wa Chuo Kikuu cha Ohio alionyesha mwaka 2003 kwamba wanawake vijana wenye afya, wakibakiwa na chini ya kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili usio mafuta baada ya kutoa nishati iliyotumika kwenye mazoezi, mapigo ya homoni zao huanza kuvurugika ndani ya siku tano tu. Kiwango kinachotosheleza ni kama 45. Tuchukue binti wa kilo 50 mwenye kilo 12 za mafuta, yaani kilo 38 za mwili uliobaki. Anahitaji kubakiwa na kilokalori 1,710 kwa siku kwa ajili ya moyo, ubongo, mifupa na uzazi, na akishuka chini ya 1,140 yumo hatarini. Akila chakula cha kilokalori 1,500 na kukimbia mazoezi yanayokula 500, amebakiwa na 1,000. Hajihisi ana njaa sana, kwa sababu mazoezi makali yenyewe hupunguza hamu ya kula, na mizani haisemi kitu, kwa sababu mwili umeshaanza kubana matumizi. Kiwango cha 30 si ukuta unaomgawa kila mtu vilevile, kwani wapo wanaovurugika juu yake na wapo wanaostahimili chini yake, lakini kama njia ya kufikiri kinatusaidia kuliko kilo.

Huyu wa kwetu alikuwa anakunywa uji asubuhi, anakula makande mchana, na jioni ugali anaugawa kwa wenzake kwa sababu aliambiwa mwili mwepesi hukimbia zaidi. Hakuwa na ugonjwa wa kula wala hakujiona mnene. Alikuwa tu anatumia zaidi ya alichokula, na ubongo wake ulichagua kukatisha kile ambacho mtu anaweza kuishi bila nacho. Utafiti uliofanywa kwa wasichana wakimbiaji wa Kenya na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba hatari hii ipo pia huku kwetu. Si ugonjwa wa Wazungu wanaojinyima, kama mwalimu mmoja alivyoniambia.

Maumivu ya mguu yalinitia wasiwasi kuliko hedhi. Estrojeni ndiyo inayolinda mifupa isipoteze madini, na miaka ya ujana, hadi kama ya ishirini na kitu, ndiyo ambayo mifupa hujijenga kwa maisha yote. Msichana anayekosa hedhi kwa upungufu wa nishati hukosa pia estrojeni hiyo katika miaka ambayo haitarudi. Mary Cain, mkimbiaji wa Marekani aliyekuwa na kipaji cha ajabu tangu utotoni, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba alishinikizwa apunguze uzito, akakaa miaka mitatu bila hedhi na akavunjika mifupa mitano. Ndiyo maana siwezi kulichukulia kama mapumziko ya pedi, ingawa ninaelewa kabisa kwa nini msichana ambaye kila mwezi anahesabu shilingi za pedi huliona hivyo. Binti wetu alipelekwa hospitali, mguu ukapumzishwa, na kocha, baada ya mabishano ambayo sitayasimulia, akakubali apunguziwe mazoezi na jikoni wamwongezee maziwa, karanga na kipande cha parachichi jioni. Hedhi haikurudi mwezi uliofuata. Kwa kawaida huchukua miezi kadhaa baada ya chakula kutosha, na uzito unaweza kuongezeka kilo mbili au tatu kabla yake, jambo ambalo msichana mkimbiaji hulipokea kwa shida na anahitaji mtu wa kumweleza mapema.

Wapo pia wasichana wa kidato cha kwanza na cha tano ambao siku zao husimama katika muhula wa kwanza bila kukimbia hata hatua moja. Hapa uzito huwa umeshuka kidogo, kwa kuwa chakula cha bweni kinawashinda, lakini pamoja nao kuna usingizi uliokatwa na kengele ya saa kumi na moja, kuwakumbuka mama zao na hofu ya mitihani. Haipothalamasi husikiliza hofu kama inavyosikiliza njaa. Wengi wao hurudia hali yao wenyewe. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi hawasemi, kwa kuwa katika shule zetu msichana aliyekosa siku zake hushukiwa kwanza kuwa ana mimba, na kwa miaka mingi mimba ilimaanisha mwisho wa masomo, mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanaojifungua wanaweza kurudi shuleni. Waraka umebadilika, lakini hofu bwenini haikuondoka siku hiyohiyo. Msichana atadanganya tarehe kwenye daftari langu kuliko kuonekana ameruka mwezi. Kipimo cha mimba ni lazima kiwe cha kwanza, hilo sibishani nalo, lakini kipimwe kwa faragha na kwa sababu za tiba, na kikitoka hakina kitu, maswali yaanze hapo badala ya kuishia hapo.

Sasa nije kwa mama wa kwanza, yule wa mafuta. Takwimu za afya za Tanzania za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kwamba takriban asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, wakati waliokonda kupita kiasi walikuwa kama asilimia 10. Kwa hiyo mama huyu ana wenzake wengi kuliko yule wa pili, na bintiye aliyekaa nyumbani akisubiri matokeo, akila chipsi mayai na soda bila safari ya miguu ya kwenda shule, ni mtu tunayemjua sote.

Mafuta ya mwili ni kiwanda. Yana kimeng'enya kinachogeuza homoni za aina ya kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo, kuwa estrojeni. Mafuta yakiwa mengi, estrojeni hii huwapo wakati wote, haipandi na kushuka kama ile inayotoka kwenye ovari, na ubongo hupokea ujumbe usiobadilika. Upande mwingine kuna insulini, homoni ya kongosho inayosimamia sukari ya damu. Msichana anaponenepa hasa tumboni, mwili wake huanza kuipuuza insulini, kongosho hutoa zaidi, na insulini hiyo nyingi huichochea ovari kutengeneza homoni za kiume zaidi, huku ikilifanya ini kupunguza protini inayozishika homoni hizo kwenye damu zisifanye kazi. Mayai huanza kukua kisha hukwama njiani. Yai lisipotoka hakuna projesteroni, na bila projesteroni utando wa ndani wa mji wa mimba huendelea kujengwa kwa miezi miwili, mitatu au minne bila kupewa amri ya kubomoka kwa utaratibu. Ukifika wakati wa kubomoka, huanguka vipande vipande, kwa damu nyingi na kwa siku nyingi. Ndiyo maana mama anayesema binti haoni siku zake, ukimuuliza vizuri, atakuambia pia kwamba akiziona ni mafuriko. Katika nchi ambayo takwimu zilezile zilikuta upungufu wa damu kwa karibu asilimia 45 ya wanawake, mafuriko hayo si jambo dogo, na utando unaokaa miaka mingi bila projesteroni unaweza baadaye kuzaa saratani ya mji wa mimba.

Ninapomwona msichana wa namna hii, jicho langu huenda shingoni kabla ya kwenda kwenye mizani. Ngozi ya nyuma ya shingo na ya makwapani ikiwa nyeusi, nene na laini kama mahameli, ni dalili kwamba insulini imepanda. Nimeona wasichana waliosuguliwa shingo kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka, wakiambiwa ni wachafu, wakati uchafu haupo. Ikiongezeka chunusi isiyokoma na ndevu za kidevuni anazozinyoa kwa siri, basi inafaa kuifikiria hali iitwayo PCOS, yaani mvurugiko wa homoni unaofanya mayai yakwame kwenye ovari, ambayo humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi wa umri wa kuzaa. Madaktari Stein na Leventhal wa Chicago waliieleza mwaka 1935 kwa wanawake saba tu, nao si wote waliokuwa wanene, na hata leo wapo wasichana wembamba kabisa wenye hali hii, ambao huchelewa kugunduliwa kwa sababu hawafanani na picha iliyomo vichwani mwetu. Vile vinavyoonekana kwenye ultrasaundi na kuwatisha wazazi kwa jina la uvimbe ni mayai yaliyokwama tu. Tena kwa msichana ambaye hajamaliza miaka minane tangu kuvunja ungo, ovari yenye mayai mengi ni jambo la kawaida, na miongozo ya kimataifa haishauri ultrasaundi itumike kumpa jina la ugonjwa huo. Fedha nyingi za wazazi zimeishia kwenye picha hizo.

Habari njema ni kwamba kwa msichana aliyezidi uzito, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu mara nyingi hutosha kurudisha mayai kwenye njia. Kwa mwenye kilo 80 hizo ni kilo 4 hadi 8, na bado ataitwa mnene na shangazi zake wote. Anachohitaji ni kuacha soda, kupunguza vya kukaanga na kutembea kila siku, na asisubiri awe mwembamba ndipo atarajie mabadiliko.

Lakini hapa ndipo penye mtego ambao umewanasa wasichana wengi kuliko unene wenyewe. Binti wa kilo 80 anaambiwa na kila mtu apungue. Anaanza kunywa maji ya limau asubuhi, anaruka mchana, anakula tango jioni, na ndani ya miezi miwili ameshuka kilo 12. Watu wanampongeza. Hedhi iliyokuwa inachelewa sasa imekoma kabisa, nywele zinakatika, anasikia baridi wakati wenzake wanajipepea, na nyumbani wanasema ni ule unene wake wa zamani unamsumbua. Kwa kimo cha sentimita 160 bado ana kilo 68, yaani bado amezidi kilo 64 ambazo ndizo mwisho wa kiwango kinachoitwa cha kawaida. Mizani inasema bado ni mnene. Ubongo wake unasema kuna njaa. Katika kumsaidia huyu, ubongo ndio wa kusikilizwa, naye aongezewe chakula, jambo ambalo wazazi hunitazama kwa mashaka ninapolisema.

Kuna mambo pia yanayobadilisha uzito na hedhi kwa pamoja bila kimoja kuwa chanzo cha kingine. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ni mfano ulio wazi: baadhi ya watumiaji huongezeka uzito, na baada ya mwaka mmoja takriban nusu yao hawaoni hedhi kabisa. Msichana wa chuo aliyechoma sindano kwa siri hawezi kumweleza mama yake hivyo, na mama hubaki akilaumu chipsi. Tezi ya shingoni ikifanya kazi polepole, mtu hunenepa, huchoka na hutokwa damu nyingi. Ikienda mbio, hukonda na hedhi huwa chache. Anayetumia vidonge vya majira hutokwa damu kila mwezi kwa sababu ya vidonge, hata kama mwili wake umepungukiwa nishati, kwa hiyo mpangilio huo haumthibitishii kitu. Na katika siku chache kabla ya hedhi mwili hushika maji, kilo moja au zaidi, ambazo huondoka zenyewe. Msichana anayejipima wiki hiyo na kuanza kujinyima anaadhibu maji.

Nikimwandikia mzazi rufaa kwenda hospitali, simpi kilo peke yake. Ninaandika tarehe za hedhi za miezi sita iliyopita kama binti anazikumbuka, na kama hazikumbuki ninampa daftari aanze leo. Ninaandika uzito wa sasa na ule wa muhula uliopita, maana tofauti ya hizo mbili humwambia daktari mengi kuliko moja. Naandika anakula mara ngapi, anakimbia kiasi gani, analala saa ngapi, na dawa yoyote anayotumia, swali ambalo humuuliza binti huku mzazi akiwa nje ya mlango. Daktari kwa kawaida ataanza na kipimo cha mimba, kisha wingi wa damu, homoni ya tezi ya shingoni, prolaktini ambayo ni homoni ya maziwa ya mama, na sukari, na akishuku homoni za kiume atazipima pia. Gharama si ndogo, kwa hiyo nawaambia wazazi waulize kipimo gani kinatangulia na kipi kinaweza kungoja, na kwamba kwa binti aliyekonda au aliyejinyima, kuongeza chakula hakuhitaji kusubiri majibu ya maabara.